Jinsi ya Kuweka Matarajio ya Timu ya Chuo Kabla Msimu wa Kikapu Haujaanza

Kila mwaka ifikapo Oktoba, baada ya sala ya isha, baraza letu la Kibokoni, hapa Mombasa, hugawanyika makundi mawili. Wengi huendelea na Ligi Kuu ya Uingereza kama ilivyo ada ya mji huu, na sisi wachache, watano au sita hivi, husogeza vikombe vyetu vya kahawa pembeni na kuanza kuzungumzia mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, ambao msimu wake hufunguliwa mwanzoni mwa Novemba na kufungwa mwanzoni mwa Aprili. Mwaka mmoja mpwa wangu alifika akiwa na simu mkononi na uso umemng'aa.

“Mjomba, mwaka huu hatushikiki.”

“Haya, mwanangu. Nani kaondoka?”

Akanyamaza. Aliweza kunitajia kila mchezaji aliyebaki na kila aliyesajiliwa, pamoja na urefu wake na shule aliyotoka, lakini hakuwa amejiuliza hata mara moja timu yake imepoteza nini. Mwongozo huu unahusu swali hilo, na namna ya kulijibu kwa kalamu na karatasi kabla mpira wa kwanza haujarushwa juu.

Inafaa kuanza na ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa upande wa wanaume, vyuo vinavyocheza katika daraja la kwanza ni zaidi ya 350, na mashindano ya Machi, yaani mchujo wa kumpata bingwa wa taifa, ambayo mwaka 2011 yalipanuliwa hadi timu 68, huchukua takribani timu moja tu kati ya tano. Maana yake ni kwamba timu nyingi nzuri, zenye ushindi mwingi kuliko vipigo, hubaki nyumbani. Shabiki anayesema “tukikosa Machi msimu umeharibika” anapaswa kujua kwamba amejiwekea kipimo ambacho vyuo vinne kati ya vitano havikifikii.

Kwa aliyejifunza mchezo huu akitazama timu za Mamlaka ya Bandari ya Kenya, KPA, pale Makande, kuna tofauti ndogo za kuzoea. Hapa kwetu mchezo una robo nne za dakika 10 na timu hupewa sekunde 24 za kushambulia, ilhali wanaume wa vyuo vya Marekani hucheza vipindi viwili vya dakika 20 na, tangu msimu wa 2015–16, hupewa sekunde 30. Jumla ya dakika ni 40 kote kuwili. Kwa kuwa wachezaji watano huwa uwanjani kwa wakati mmoja, kila mchezo una dakika 200 za kugawanywa kati ya wachezaji wa timu. Shika namba hiyo, kwa maana hesabu yetu ya kwanza inaanzia hapo.

Subiri kikosi kitulie

Zamani shabiki aliweza kuandika matarajio yake Aprili, wiki moja baada ya fainali. Siku hizi ni kupoteza wino. Orodha ya uhamisho, ambamo mchezaji anayetaka kuhama huingiza jina lake ili makocha wengine wamwone, ilifunguliwa Oktoba 2018. Mwaka 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikawa ya mara yoyote maadamu masomo yake yako sawa. Ongeza kwamba tangu tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na utaelewa kwa nini chuo kinaweza kupoteza nusu ya kikosi katika majira ya kuchipua na kukijaza tena kabla majira ya joto hayajaisha. Mimi sishiki kalamu kabla ya Septemba.

Hesabu dakika, kisha tafuta pengo

Chukua takwimu za msimu uliopita, ambazo kila chuo huzichapisha katika tovuti yake, na mbele ya kila jina andika wastani wa dakika alizocheza kwa mchezo. Kisha piga mstari juu ya kila aliyeondoka, awe amehitimu, amehama au amekwenda kucheza kwa kulipwa. Tuseme walioondoka ni watatu, mmoja alikuwa akicheza dakika 33, wa pili 28 na wa tatu 14. Hizo ni dakika 75. Zilizobaki ni 125 kati ya 200, yaani asilimia 62 na nusu, na kwa zama hizi za uhamisho hiyo ni timu iliyojaliwa utulivu.

Hapo ndipo mashabiki wengi hukomea, na hapo ndipo nilipokomea mimi katika vuli ya 2022.

North Carolina walikuwa wamefika fainali Aprili ya mwaka huo wakiwa wamepangwa nafasi ya nane katika kanda yao, maana timu za Machi hugawanywa kanda nne na katika kila kanda hupangwa kwa ubora kuanzia 1 hadi 16. Waliongoza Kansas kwa pointi 15 wakati wa mapumziko, kisha wakafungwa 72 kwa 69. Wanne kati ya watano walioanza mchezo ule walirudi chuoni. Waandishi wa habari wanaopiga kura ya shirika la habari la Associated Press wakaiweka timu hiyo ya kwanza nchini kabla ya msimu, nami nikawaahidi wenzangu wa baraza biriani ya mbuzi endapo haitafika nane bora. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Timu ilimaliza na ushindi 20 na vipigo 13, na ikakosa mashindano ya Machi kabisa, jambo ambalo halikuwa limeipata timu yoyote iliyoanza msimu katika nafasi ya kwanza tangu mashindano yalipopanuliwa hadi timu 64 mwaka 1985. Biriani nililipa, na mbuzi alikuwa mtamu, lakini kosa lilikuwa langu: nilihesabu dakika zilizorudi, nikasahau kuuliza yule mmoja aliyeondoka alikuwa akifanya kazi gani.

Aliyeondoka alikuwa Brady Manek, mtu mrefu aliyekuwa akirusha kutoka nje ya mstari wa pointi tatu na kufunga karibu mara nne katika kila mara kumi. Faida yake haikuishia kwenye pointi alizofunga. Kwa kuwa mlinzi wake hakuthubutu kumwacha, njia ya katikati ilibaki wazi kwa Armando Bacot, senta wao, na kwa wenzake wa pembeni waliopenda kukimbilia kikapu. Alipoondoka, wapinzani waliweza kurudi nyuma na kujaza eneo la chini ya kikapu, na timu nzima ikarusha pointi tatu kwa takribani asilimia 31, kiwango ambacho hakimtoi mlinzi yeyote mahali pake.

Sasa linganisha na Connecticut mwaka uliofuata. Walitwaa ubingwa Aprili 2023, kisha wakapoteza watatu kati ya walioanza: Adama Sanogo, kijana wa Mali aliyechaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho, pamoja na Jordan Hawkins na Andre Jackson. Kwa hesabu ya dakika tu, timu hiyo ilistahili kushuka. Lakini kila kazi iliyoachwa ilikuwa na mtu wa kuishika. Mahali pa Sanogo alikuwepo tayari Donovan Clingan, jitu la futi 7 na inchi 2, aliyekuwa amekaa mwaka mzima kwenye benchi akicheza takribani dakika 13 kwa mchezo. Kazi ya Hawkins ya kurusha kutoka mbali alipewa Cam Spencer aliyehamia kutoka Rutgers, na ulinzi wa pembeni ukamwangukia Stephon Castle, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walimaliza na ushindi 37 na vipigo vitatu, wakawa bingwa wa kwanza kutetea taji tangu Florida walipofanya hivyo mwaka 2007.

Basi utaratibu ni huu. Kwa kila aliyeondoka, andika sentensi moja inayoeleza kazi aliyoifanya: alikuwa akipandisha mpira bila kupokonywa, alikuwa akiokota mipira inayogonga chuma na kurudi, alikuwa akimzuia mfungaji bora wa wapinzani, alikuwa akipeleka mwili kwenye kikapu na kupata mitupo huru. Mtakwimu Dean Oliver aligawa ushindi wa kikapu katika mambo manne, yaani ubora wa mitupo, kutopoteza mpira, kuokota ribaundi na kupata mitupo huru, na ukiyatumia kama kichujio hutasahau kazi yoyote kubwa. Baada ya hapo andika jina la yule atakayeifanya kazi hiyo sasa. Ukiandika jina bila kusita, pengo limezibwa. Ukijikuta unaandika “labda” au “kocha atapata mtu”, umekwisha kuona mahali ambapo timu yako itavuja Januari.

Tahadhari moja juu ya majina unayoyaandika. Mvulana wa miaka 18 aliyesifiwa sana sekondari hucheza, kwa mara ya kwanza maishani mwake, dhidi ya wanaume wa miaka 22 na 23 waliokwisha kukomaa mabega. Wapo wanaoweza, na Castle alikuwa mmoja wao, lakini nikipewa nafasi moja ya kuziba pengo kubwa ningemchukua mhamiaji mwenye misimu mitatu kabla ya kijana mwenye sifa. Mpwa wangu hakubaliani nami katika hili, na kila mwaka tunarudia ugomvi uleule.

Ratiba ipigwe hesabu, isisomwe kama utabiri

Timu ya daraja la kwanza hucheza takribani michezo 30 kabla ya mashindano ya ligi yake, yaani kundi la vyuo ambalo chuo hicho kimo. Shabiki wa kawaida huichukua ratiba, hushuka nayo mstari kwa mstari akisema “huu tunashinda, huu tunashinda, huu mgumu lakini nyumbani tunashinda”, na akifika chini ana ushindi 25. Kosa lake halionekani katika mchezo mmoja mmoja. Kila jibu alilotoa linaweza kuwa la busara likisimama peke yake. Kosa limo katika kuyajumlisha, kwa sababu “tuna nafasi nzuri ya kushinda” kumegeuzwa kuwa “tumeshinda”.

Fanya hivi badala yake. Gawa michezo katika mafungu matatu: ile ambayo ungeona aibu kuipoteza, ile inayoweza kwenda upande wowote, na ile ambayo ungeshangilia mtaani ukiishinda. Fungu la kwanza lipe nafasi tisa kati ya kumi, la pili nusu, la tatu robo. Chukua mfano wa timu yenye michezo 12 rahisi, 11 ya katikati na 7 migumu. Katika rahisi itashinda karibu 11, katika ya katikati tano au sita, na katika migumu karibu miwili. Jumla ni ushindi 18 hivi. Yule aliyeshuka na mstari wake atakuwa ameandika 12 yote ya kwanza, tisa ya katikati na mitatu migumu, akapata 24, na tofauti hiyo ya michezo sita ndiyo inayomfanya amtukane kocha mwezi Februari ilhali timu inacheza kama ilivyopaswa kucheza.

Katika kugawa mafungu, mahali mchezo unapochezwa pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kamati inayochagua timu za Machi imekuwa ikitumia tangu msimu wa 2018–19 kipimo cha kupanga timu zote kwa ubora kinachoitwa NET, na michezo hupangwa katika ngazi nne. Ngazi ya juu kabisa ni kumkabili mpinzani aliye kati ya nafasi ya 1 na 30 ukiwa nyumbani kwako, 1 na 50 kwenye uwanja usio wa yeyote, au 1 na 75 ukiwa ugenini. Kwa kamati, basi, kumfunga aliye wa 70 ugenini ni kazi ya ngazi moja na kumfunga aliye wa 30 nyumbani. Mchezo wa ugenini dhidi ya timu ya wastani, ambao shabiki huupitia haraka, kwa kawaida huingia katika fungu la katikati. Katika ule msimu wa kuvunjika moyo, North Carolina walishinda mmoja tu kati ya michezo 10 ya ngazi ya juu, na hilo ndilo lililowafungia mlango.

Kura na namba

Kura ya Oktoba ya Associated Press huorodhesha timu 25. Isome kama habari ya yale ambayo waandishi wanayafikiria, uiweke kando. Wapiga kura nao ni watu, na kumbukumbu ya wiki tatu za Machi iliyopita huwa mbichi vichwani mwao kuliko miezi minne iliyotangulia.

Namba za mtakwimu Ken Pomeroy zinafaa zaidi kwa sababu hupima pointi kwa kila nafasi 100 za kushambulia, na hurekebisha kulingana na nguvu ya wapinzani. Ukitaka kuona kwa nini hilo ni la lazima, fikiria timu mbili za mfano. Moja hufunga pointi 84 kwa mchezo kwa kutumia nafasi 76. Nyingine hufunga 72 kwa nafasi 63. Ukitazama pointi tu, ya kwanza inaonekana hatari zaidi. Ukigawanya, ya kwanza hupata takribani pointi 110 kwa nafasi 100 na ya pili 114. Ile ya polepole ndiyo inayofunga vizuri zaidi, isipokuwa haina haraka.

Kutazama ukiwa Mombasa

Matarajio yasiyokaguliwa kwa macho hubaki maneno, na kwetu sisi macho yana gharama yake. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba tunatangulia saa za New York kwa saa nane. Mchezo wa saa moja jioni wa pwani ya mashariki ya Marekani huanza hapa saa tisa usiku, na ule wa saa moja jioni wa Los Angeles hutukuta saa kumi na mbili asubuhi, tukijiandaa kwenda kazini. Michezo ya Jumamosi inayoanza saa sita mchana kwao ni neema, maana hufika hapa saa mbili usiku, wakati wa chakula. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi tofauti hupungua hadi saa saba, hivyo michezo ya kwanza ya mchujo huanza kwetu baada ya machweo, ingawa fainali bado hutuamsha karibu na saa kumi za alfajiri.

Kwa hiyo usijaribu kutazama yote. Chagua michezo minane au kumi, na uichague kwa pengo ulilolitambua: ikiwa wasiwasi wako ni kupandisha mpira, tafuta mchezo dhidi ya timu inayobana uwanja mzima, ikiwa ni urefu, tafuta mpinzani mwenye senta mkubwa. Katika miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na mchezo wa saa tisa usiku humalizika karibu na alfajiri, kwa hiyo tumeshawahi kula daku, viazi vya karai na chai ya maziwa, huku tukihesabu ribaundi kwa sauti ya chini ili watoto wasiamke.

Karatasi

Yote haya yaandikwe. Ukurasa mmoja watosha: idadi ya ushindi unayotarajia, ikiwa na nafasi ya mitatu juu na mitatu chini, mapengo mawili makubwa, na jina la mtu mmoja kwa kila pengo. Weka tarehe. Kisha jizuie kubadilisha neno hadi mwanzoni mwa Januari, timu ikishacheza michezo 13 hivi na kabla ligi haijapamba moto. Mitupo ya pointi tatu huyumba sana katika michezo michache, na timu inayofungwa Novemba kwa sababu mpinzani alipiga 14 kutoka mbali huenda haina kosa kubwa la kurekebisha. Kupoteza mpira kila mara mbele ya ulinzi wa kubana ni jambo jingine, kwa kuwa hilo hurudi.

Machi iwekwe katika mstari wake wa peke yake, mbali na hukumu ya msimu. Virginia walipangwa wa kwanza katika mashindano yote mwaka 2018, wakafungwa 74 kwa 54 na UMBC, timu ya nafasi ya 16, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa wanaume. Mwaka uliofuata walitwaa ubingwa. Mchezo mmoja wa dakika 40 unaweza kumwangusha yeyote, na aliyeweka miezi mitano yote juu ya usiku huo mmoja ana haki ya kulia, lakini alijitakia.

Karatasi zetu huwekwa katika kopo la maziwa ya unga analolihifadhi muuza kahawa chini ya meza yake, pamoja na vikombe visivyo na mikono. Ya mpwa wangu ya mwaka huu ina ushindi 21, na chini yake, mahali pa pengo la pili, ameandika jina, akalifuta, akaliandika tena.